Safari fupi ya wanandoa Brugge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mume na mke, au wachumba, wanaokusudia kukaa usiku mmoja, miwili au mitatu katika mji wa kale wa Brugge, ulioko kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, karibu na Bahari ya Kaskazini. Yanamlenga zaidi msomaji anayesafiri kutoka Afrika Mashariki au Kongo, pamoja na yule anayeishi Ulaya tayari na kupata mapumziko mafupi ya mwisho wa juma.

Kwa nini Brugge, ilhali kuna Venice na Amsterdam?

Venice na Amsterdam ni miji mikubwa yenye mengi zaidi ya kutazama, lakini ukubwa huo ndio unaoitatiza safari fupi, kwani siku nzima inaweza kuishia kwenye foleni na vyombo vya usafiri. Brugge wote una wakazi takribani 120,000, na sehemu yake ya kale, inayozungukwa na mfereji wenye umbo linalokaribia yai, hutembelewa yote kwa miguu. Watu wawili wenye siku mbili tu hawalazimiki kuchagua kati ya kutembea pamoja kwa utulivu na kuona vitu vya maana, kwa sababu vyote viwili vinapatikana katika mwendo uleule.

Sababu ya pili ni historia yenyewe. Kati ya karne ya 13 na ya 15 Brugge ulikuwa miongoni mwa miji tajiri zaidi ya kaskazini mwa Ulaya: merikebu za Genoa zilianza kufika mwaka 1277, sufu iliyotoka Uingereza ilifumwa kuwa vitambaa vya bei kubwa, na watawala wa Burgundy waliweka humu mojawapo ya makao yao. Baadaye njia ya kwenda baharini ilijaa mchanga, wafanyabiashara wa kigeni wakahamia Antwerp, na mji ukaingia katika unyonge uliodumu karne kadhaa. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba za kale zilibaki. UNESCO iliuingiza mji wa kale wote katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, baada ya kuyatambua makazi ya Begijnhof mwaka 1998 na mnara wa Belfort mwaka 1999.

Hata hivyo, si kila kinachoonekana cha kale ni cha kale kweli. Jengo kubwa la Provinciaal Hof katika uwanja wa Markt lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga mtindo wa zamani, na daraja dogo la Bonifacius, ambalo karibu kila wanandoa hupigia picha wakidhani limesimama tangu enzi za wafalme, ni la mwaka 1910. Uzuri wake haupungui kwa kulijua hilo, lakini ni haki ya mgeni kuambiwa.

Je, siku moja haitoshi?

Inatosha kuuona mji, lakini haitoshi kuwa ndani yake, na hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko jingine lolote katika majibu haya. Sehemu kubwa ya wageni wa Brugge huja na kuondoka siku hiyohiyo: wengine hutoka Brussels kwa treni, wengine hushuka kutoka kwenye meli kubwa za kitalii zinazotia nanga katika bandari ya Zeebrugge, na wengine huletwa kwa mabasi. Kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hasa majira ya joto na siku za Jumamosi, njia ya kati ya Markt, Burg, Rozenhoedkaai na Kanisa la Bikira Maria hujaa watu kiasi kwamba mtu na mwenzake hulazimika kutembea mmoja nyuma ya mwingine. Anayeondoka saa kumi na moja anarudi nyumbani akisema kwamba Brugge ni soko la chokoleti, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa hicho ndicho alichokiona.

Jioni mambo hubadilika. Boti husimama, maduka hufungwa, na mitaa iliyokuwa haipitiki hubaki na wenyeji wachache wanaorudi makwao kwa baiskeli. Taa za majengo ya kando ya maji huwashwa, na kengele za Belfort husikika hadi kwenye mitaa ya mbali ya mji wa kale. Asubuhi na mapema hali ni hiyohiyo: kabla ya saa tatu mnaweza kusimama Rozenhoedkaai, mahali panapopigwa picha kuliko pengine pote mjini, mkawa peke yenu au karibu na hivyo. Wanandoa wanaolala usiku mmoja hupata jioni moja na asubuhi moja. Wanaolala usiku mara mbili hupata siku nzima katikati, na kwangu huo ndio muda ulio bora: si mrefu kiasi cha kuishiwa na la kufanya, wala si mfupi kiasi cha kukimbizana na saa.

Tunahitaji viza?

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi; iwapo mtalala Brugge usiku mara mbili na Paris mara nne, basi mnaomba kwa Ufaransa, si kwa Ubelgiji. Maombi yanaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake, ingawa ni busara kuanza mapema kuliko hapo. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Kila mmoja hujaza fomu yake, hata mkiwa mmefunga ndoa, lakini cheti cha ndoa, tiketi za pamoja na chumba kilichowekwa kwa majina yenu wote wawili husaidia kuonyesha kwamba safari ni moja. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena. Mwenye kibali cha kuishi Uingereza, kwa upande wake, bado anahitaji kuomba kulingana na pasipoti aliyonayo, na wengi hushtukia jambo hili wakiwa wamekwisha kulipia hoteli.

Tunafikaje Brugge kutoka uwanja wa ndege?

Kwa treni. Kutoka stesheni kubwa za Brussels safari huchukua takribani saa moja, ikipitia Gent, na kutoka uwanja wa ndege wa Brussels ni kama saa moja na nusu. Treni ni nyingi kutwa, na kwa safari za ndani ya nchi hakuna haja ya kuweka kiti. Reli hii ni ya zamani sana: treni zilianza kufika Brugge mwaka 1838.

Stesheni iko nje kidogo ya mji wa kale, upande wa kusini. Kutoka hapo hadi Markt ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na njia nzuri zaidi hupitia bustani ya Minnewater. Mwenye masanduku mazito afadhali apande basi, kwa kuwa barabara za ndani zimetandikwa mawe, na magurudumu ya sanduku huteseka juu yake.

Twende wakati gani wa mwaka?

Kila majira yana faida yake, lakini tofauti ya mwanga wa mchana huwashangaza wanaotoka karibu na ikweta. Katikati ya Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo mnaweza kula chakula cha jioni kisha mkatembea nuru ikiwa bado ipo. Mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, na upepo wa baharini hupenya nguo nyepesi hata Mei.

Mapendekezo yangu ni mwishoni mwa Aprili, Mei, au Septemba, siku za katikati ya juma. Kipupwe nacho kina wapenzi wake, kwani mji huwa mtulivu na ukungu hukaa juu ya maji, ila wakati huo boti nyingi hazifanyi kazi. Siku ya Kupaa kwa Bwana, siku arubaini baada ya Pasaka, hufanyika maandamano makubwa ya Damu Takatifu, yaani masalia yanayoaminiwa kuwa damu ya Yesu; maandamano hayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2009 katika orodha ya urithi usioshikika. Anayependa ibada na desturi za kale aje siku hiyo, akiwa ameweka chumba miezi kadhaa kabla. Anayetafuta utulivu aiepuke.

Tulale sehemu gani ya mji?

Ndani ya mfereji wa mzunguko, hata ikibidi chumba kiwe kidogo zaidi. Faida yote ya kulala Brugge ni kutoka nje usiku na alfajiri, na faida hiyo hupotea ikiwa hoteli iko karibu na barabara kuu. Mtaa wa Sint-Anna, upande wa mashariki, ni wa wenyeji zaidi na uko mbali kidogo na msongamano, lakini Markt inafikika kwa mwendo wa robo saa. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: kama kuna lifti, maana nyumba nyingi za zamani zina ngazi nyembamba na zenye mwinuko mkali, na kama kodi ya watalii ya jiji imo katika bei.

Safari ya boti katika mifereji ina thamani gani, na tunaipangaje?

Ina thamani, na singependa mtu aikose kwa kudhani kwamba ni mambo ya watalii tu. Nyumba nyingi za Brugge zilijengwa zikiangalia maji, kwa hiyo mtu anayepita barabarani huona migongo yake: kuta zinazoingia moja kwa moja majini, milango midogo iliyokuwa ikipokea mizigo, na bustani zisizo na njia ya nchi kavu.

Kuna gati tano, zote katikati ya mji, na boti zote hupita njia ileile kwa nauli ileile, hivyo hakuna sababu ya kutafuta gati iliyo bora kuliko nyingine. Nendeni penye foleni fupi. Safari huchukua kama nusu saa. Boti ni za wazi, nahodha hueleza anachokipita kwa lugha mbili au tatu, na madaraja mengine ni mafupi kiasi cha kuwalazimu abiria kuinamisha vichwa. Msimu huanza Machi na kuishia katikati ya Novemba, kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi na mbili jioni. Fikeni ile saa nne yenyewe: wageni wa siku moja bado wako njiani, na jua la asubuhi huangaza kuta bila kuwaumiza macho.

Inafaa kujua mnasafiri juu ya maji gani. Mji huu ulikua kando ya mto mdogo uitwao Reie, na wenyeji hadi leo huiita mifereji hiyo kwa jina la mto. Mwaka 1134 dhoruba kubwa ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari, Zwin, ulioingia ndani kabisa ya nchi. Wakazi walichimba mfereji kuufikia, mji wa Damme ukaanzishwa kuwa bandari ya nje, na merikebu kubwa zikawa zinapakua huko mizigo iliyoletwa Brugge kwa vyombo vidogo. Bahari iliyoleta njia hiyo ndiyo iliyoiziba: mchanga ulizidi kujaa katika Zwin mwaka hadi mwaka, na licha ya juhudi za kuuchimba, kufikia mwisho wa karne ya 15 biashara kubwa ilikuwa imekwisha kuhama. Ni mwaka 1907 tu ambapo Brugge ulipata tena njia ya uhakika ya baharini, kwa kufunguliwa bandari ya Zeebrugge na mfereji unaouunganisha mji nayo.

Tupande mnara wa Belfort?

Mkiwa na magoti mazima na hamna hofu ya sehemu finyu, ndiyo. Mnara una urefu wa mita 83 na vidato 366, hauna lifti, na ngazi za juu ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hupishana kwa subira. Idadi ya watu wanaoingia kwa wakati mmoja huwekewa kikomo, hivyo ni vyema kununua tiketi ya saa maalumu mapema. Njiani mtaona chumba cha hazina, ambamo hati za haki za mji zilihifadhiwa, na karibu na kilele mtaona mtambo wa kengele 47. Asiyetaka kupanda hakosi kila kitu: kengele hizo hupigwa na mpigaji stadi katika siku maalumu za juma, na usikilizaji mzuri ni wa kukaa uani, chini ya mnara, bila kulipa chochote.

Tukiwa na nafasi ya majumba mawili tu ya sanaa, tuchague yapi?

Groeningemuseum na Hospitali ya Mtakatifu Yohane, yaani Sint-Janshospitaal. Kisha mwingie Kanisa la Bikira Maria, ambalo halihesabiki kuwa jumba la makumbusho ingawa lina hazina kuliko majumba mengi.

Groeninge si kubwa, na hilo ni jema. Simameni mbele ya picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1436, inayomwonyesha Bikira Maria pamoja na padri Joris van der Paele. Mzee huyo ameshika miwani mkononi, mishipa ya kipaji chake inaonekana, na zulia lililo chini ya miguu ya Bikira limechorwa hadi uzi wake. Katika jumba hilohilo kuna picha ndogo ya mwaka 1439 ambayo wanandoa hawapaswi kuipita: ni Margareta, mke wa van Eyck, aliyechorwa na mumewe miaka miwili kabla mchoraji huyo hajafariki hapahapa Brugge. Hakumpamba wala hakumfanya malkia. Alimchora mwanamke makini, mwenye midomo iliyofumbwa na macho yanayomtazama mtu bila kupepesa, na kwa maoni yangu hakuna picha ya ndoa iliyo ya kweli kuliko hii katika mji mzima. Picha yake mashuhuri zaidi ya wanandoa, ya Arnolfini, mfanyabiashara wa Italia aliyeishi Brugge, ya mwaka 1434, iko London.

Sint-Janshospitaal ilianza kuhudumia wagonjwa na wasafiri katika karne ya 12. Humo mna kazi za Hans Memling zilizochorwa kwa ajili ya hospitali yenyewe, likiwamo sanduku la masalia ya Mtakatifu Ursula la mwaka 1489, ambalo limechorwa pande zote mithili ya nyumba ndogo ya dhahabu.

Katika Kanisa la Bikira Maria, ambalo mnara wake wa matofali unazidi mita 115, kuna sanamu ya marumaru ya Mama na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwanzoni mwa karne ya 16 na kununuliwa na ukoo wa Mouscron, wafanyabiashara wa Brugge. Imeibwa mara mbili na kurudi mara mbili: wanajeshi wa Ufaransa waliichukua mwaka 1794, na Wajerumani waliondoka nayo mwaka 1944 wakiwa wameifunga kwa magodoro, kisha ikapatikana mwaka uliofuata katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Kanisani humo ndimo yalimo makaburi ya Charles mtawala wa Burgundy, aliyemwoa Margaret wa York mjini Damme mwaka 1468 na kusherehekea harusi hiyo Brugge kwa siku nyingi, na la binti yake Maria, aliyefariki mwaka 1482 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Kila jumba hufungwa siku moja ya juma, na siku hizo hazifanani. Angalieni kabla ya kupanga ratiba.

Minnewater ni kweli ziwa la mapenzi?

Ndivyo linavyotangazwa, na husemwa kwamba wapenzi wanaovuka daraja lake pamoja hawataachana. Kihistoria lilikuwa bwawa la kudhibiti maji ya mifereji, na mnara ulio kando yake, wa mwishoni mwa karne ya 14, ulitumika kuhifadhi baruti. Ni mahali pazuri pa kukaa jioni kwa vyovyote vile.

Bata-maji weupe mtakaowakuta hapo nao wana simulizi yao. Mwaka 1488 wananchi waliochoshwa na kodi walimfunga Maximilian wa Austria katika nyumba moja ya Markt na kumuua msaidizi wake, Pieter Lanchals, ambaye ngao ya ukoo wake ilikuwa na picha ya ndege huyo. Husimuliwa kwamba Maximilian alipopata uhuru wake aliuadhibu mji kwa kuulazimisha kuwafuga ndege hao milele. Simulizi ni ya baadaye, lakini kufungwa kwa Maximilian na kuuawa kwa Lanchals ni mambo yaliyotokea.

Hatua chache kutoka hapo kuna lango la Begijnhof, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka kuishi maisha ya sala na kazi bila kuweka nadhiri za kudumu za utawa. Waliweza kumiliki mali, kujipatia riziki, na kuondoka wakitaka kuolewa. Tangu mwaka 1927 wanaishi humo watawa wa Benedikto. Nyumba nyeupe zimezunguka uwanja wa miti mirefu, na wageni huombwa kunyamaza. Tafadhalini heshimuni ombi hilo, kwa kuwa hapo ni nyumbani kwa watu.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?

Mtakula, ila kwa kuuliza, kwa sababu vyakula vinavyoonekana salama vina viungo vilivyofichika. Chipsi za Ubelgiji kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, ingawa baadhi ya wauzaji hutumia mafuta ya mimea. Mchuzi mashuhuri wa nyama uitwao stoofvlees hupikwa kwa bia. Kome, wanaoliwa sana na chipsi, mara nyingi huchemshwa kwa mvinyo mweupe, lakini wapo wanaowapika kwa mboga na figili pekee mkiomba. Chokoleti nyingine zina pombe ndani, na muuzaji mzuri huwaonyesha zisizo nayo bila kuchoka. Samaki wa kuokwa, supu za mboga, mayai na kaki za unga ziitwazo wafeli hazina tatizo kubwa, na migahawa ya Kituruki na ya Kimoroko hupatikana nje kidogo ya viwanja vikuu.

Kwa wasafiri wote: maji ya bomba ni salama, lakini migahawa mingi huuza maji ya chupa na hailazimiki kuleta ya bure. Majiko mengi hufungwa alasiri, na ifikapo saa nne usiku ni vigumu kupata chakula cha moto. Chokoleti zinunuliwe mbali na Markt, kwa gramu, kidogokidogo, mkionja kwanza.

Tuzungumze lugha gani?

Wenyeji huzungumza Kiholanzi kwa lafudhi ya Flandria, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji, na wengi wanajua Kiingereza vizuri. Msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi asiianze mazungumzo kwa Kifaransa akidhani ni lugha ya wote nchini. Wengi wanakifahamu, lakini suala la lugha lina historia yenye uchungu Flandria. Salamu fupi ya Kiholanzi, goedendag, hupokewa kwa furaha.

Tukiwa na nusu siku ya ziada, twende wapi?

Damme, kwa baiskeli za kukodi. Njia ni tambarare, kama kilomita sita hivi, kando ya mfereji ulionyooka uliochimbwa enzi za Napoleon, wenye miti iliyoinamishwa na upepo upande mmoja. Kabla ya kuondoka Brugge piteni kwenye vinu vya upepo vilivyosimama juu ya tuta karibu na lango la Kruispoort. Kimojawapo, Sint-Janshuismolen, ni cha mwaka 1770 na kiko palepale kilipojengwa.

Je, kuna historia inayotugusa sisi tunaozungumza Kiswahili?

Ipo, na iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Treni ya dakika kumi na tano kutoka Brugge inafika Blankenberge, mji wa pwani, na hapo ufukweni kuna mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa mwaka 1900 kwa heshima ya Wabelgiji wawili waliotumika Kongo, Lippens na De Bruyne. De Bruyne alikuwa mzaliwa wa Blankenberge. Wote wawili waliuawa mwishoni mwa mwaka 1892 huko Kasongo, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, wakiwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed tunayemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, wakati vita vilipokuwa vimezuka kati ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Kasongo ilianguka mwaka 1893, na Sefu aliuawa mwaka huohuo. Baba yake alikuwa amekwisha kurejea Zanzibar, alikofariki mwaka 1905.

Mnara huo unasimulia ushujaa wa wawili hao pekee. Wakongo waliotekwa na kuuzwa katika biashara ya pembe na watumwa hawamo, wala hawamo waliokufa kwa mikono ya utawala uliofuata, uliowalazimisha watu kukusanya mpira kwa mabavu. Msomaji anayekitumia Kiswahili, lugha iliyofika Maniema kwa misafara hiyohiyo na ambayo leo ni ya mamilioni ya Wakongo, anaweza kusimama hapo akakumbuka pande zote. Naamini safari ya kitalii haiharibiwi na saa moja ya namna hiyo.

Wanaotaka zaidi watenge nusu siku wanaporudi Brussels kwa ajili ya jumba la makumbusho ya Afrika la Tervuren, lililofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati mrefu. Katika maonyesho ya mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji ili watazamwe na umma, na saba kati yao walifariki. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, umbali mfupi kutoka kwenye jumba hilo. Tramu namba 44 ndiyo inayofika huko, na jumba hufungwa Jumatatu, kwa hiyo wanaorejea nyumbani siku hiyo walipange kwa Jumapili.